Sura ya 6: Ndege Anayepanda Mti Ni Nani?

Mwonyeshe mwenyeji wa porini picha ya ndege mdogo aliyeng'ang'ania shina la mgunga, naye atakujibu bila kusita: "Huyo ni kigogota." Mara nyingi atakuwa amepatia, lakini jibu lake halikufikishi mbali. Afrika Mashariki ina aina zaidi ya 10 za vigogota, na juu ya mashina hayohayo wapo wapandaji wengine wasio na undugu nao. Ndipo linapozuka swali ambalo kila aliyeanza kubeba kamera porini huliuliza: picha ninayo, ndege anaonekana, kitabu nimefungua, lakini aina nne zinafanana naye. Nifanyeje?

Ugumu huu unaletwa na tabia ya ndege mwenyewe. Mwewe akizunguka angani hukuonyesha tumbo na mabawa. Korongo akisimama kwenye maji ya kina kifupi hukuonyesha mwili mzima. Mpanda mti hukupa mgongo, na kifua, chenye alama nyingi za kumtambulisha, amekielekeza kwenye gome. Unaweza kurudi nyumbani na picha kali, yenye rangi safi, isiyojibu swali hata moja.

Kwa hiyo shika jambo moja kabla ya mengine yote: picha ya kupendeza na picha ya kutambulisha ni kazi mbili tofauti. Tafuta kwanza ya kutambulisha. Ukishaipata, una uhuru wa kukaa na kungoja ile ya kutundika ukutani.

Kabla ya rangi, tazama mwendo

Mwanga wa msituni hudanganya. Rangi ya kijani huonekana kijivu kivulini, na kahawia ikipigwa na jua la jioni hugeuka dhahabu. Mwendo haubadiliki namna hiyo. Ukimtazama ndege kwa nusu dakika kabla ya kuinua kamera, utajua yuko katika kundi lipi kati ya haya matatu.

*Kigogota.* Hupanda kwa kurukaruka, miguu yote miwili kwa pamoja, mkia ukiwa umeegemea shina. Akitaka kushuka hurudi kinyumenyume. Hugonga mti, hunyamaza, husikiliza, kisha hugonga tena.

*Mtambaa-magome.* Hili ni jina nitakalolitumia kwa ndege ambaye wanasayansi humwita *Salpornis salvadori*. Ni ndege wa kahawia mwenye madoadoa meupe mwili mzima, urefu wake kama sentimita 15, na mdomo wake ni mwembamba, uliopinda kuelekea chini. Hagongi. Huuingiza mdomo ndani ya nyufa za gome na kuchomoa wadudu na buibui. Huanza karibu na chini ya mti, hupanda hadi juu, kisha huruka na kutua chini ya mti mwingine, aanze tena. Makao yake makubwa ni miombo, yaani misitu mikavu ya miti kama mtundu, inayofunika sehemu kubwa ya magharibi na kusini mwa Tanzania na kuendelea hadi Zambia, Malawi na Msumbiji.

*Goregore.* Huyu ni mkubwa na hawezi kukupotea. Mwili ni mweusi unaong'aa kijani na zambarau, mkia ni mrefu wenye madoa meupe, na mdomo wa aliyekomaa ni mwekundu. Hutembea kwa makundi yenye kelele, hupanda mashina, hung'ang'ania upande wa chini wa matawi na hata kuning'inia kichwa chini. Anaye ndugu mwembamba mwenye mdomo mweusi uliopinda zaidi, ambaye huonekana peke yake au wawiliwawili. Makinda ya goregore nayo yana mdomo mweusi, hivyo angalia wenzake: ukiona midomo myekundu kundini, huyo ni mtoto wa goregore.

Kuna tahadhari moja kwa wanaotumia vitabu au programu za simu zilizotengenezwa Ulaya. Misitu ya huko ina ndege wadogo wanaoshuka shina kichwa chini, na wengine wa kahawia wasio na madoadoa ya mtambaa-magome. Hakuna hata mmoja wao anayeishi Afrika kusini ya Sahara. Programu ikikupendekezea ndege wa namna hiyo kwa picha uliyopiga katika hifadhi ya Mikumi, ujue imeangalia umbo na kusahau mahali.

> Kwa ufupi: Anagonga na kuegemea mkia? Kigogota. Anachokonoa nyufa bila kuegemea mkia, na ana madoadoa meupe? Mtambaa-magome. Wako wengi, wana kelele na mikia mirefu? Goregore.

Kwa nini haanguki?

Ukijua mwili wake unavyofanya kazi, utajua pia pa kuelekeza lenzi.

Ndege wadogo wengi wana vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Kigogota ana viwili mbele na viwili nyuma, na kile cha nje kati ya vile vya nyuma anaweza kukizungusha kikakaa pembeni anapopanda. Kucha zake ni kali na zimepinda. Manyoya ya mkia yana uti mgumu, na ncha zake husukumwa kwenye gome, hivyo ndege hukaa imara juu ya nukta tatu, kama kigoda cha miguu mitatu. Mkia huo ni wa lazima kiasi kwamba, wakati wa kubadili manyoya, yale mawili ya katikati hubaki hadi mengine yote yamekwisha kuota upya. Ndiyo maana huwezi kumwona kigogota mzima wa afya akiwa hana egemeo.

Mtambaa-magome hana mkia wa namna hiyo. Wake ni laini, na miguu pekee ndiyo humshikilia. Hapa picha ya ubavuni inakufaa sana: ukiona nafasi wazi kati ya mkia na gome, umeshaondoa vigogota wote kwenye orodha yako.

Kugonga nako ni kwa namna mbili. Kugonga kwa kutafuta chakula hakuna mpangilio: mara mbili, kimya, mara tano, kimya. Mlio wa ngoma ni mwingine. Ndege huchagua tawi kavu lenye mwangwi na kulipiga kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuhesabu, ili kutangaza kwamba eneo hili lina mwenyewe. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba fuvu lake hupunguza kishindo ndani ya kichwa. Uchunguzi wa video za kasi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kichwa huenda na kurudi kikiwa kigumu, bila kupunguza chochote. Ubongo wake husalimika kwa kuwa ni mdogo mno.

Shavu, utosi, kifua

Ukishajua ni kigogota, yasahau kwanza mabawa na mgongo. Nenda sehemu tatu, kwa mpangilio huu.

*Shavu.* Tafuta sharubu, yaani mstari unaoanzia pembeni mwa mdomo na kushuka shavuni. Uwe mwekundu, mweusi au usiwepo kabisa, kila hali ina maana yake.

*Utosi na kisogo.* Wekundu umeanzia wapi na kuishia wapi? Je, upo hata kidogo?

*Kifua.* Kina michirizi ya wima, madoa ya mviringo, au milia ya kulala?

Vigogota wetu wengi wako katika koo mbili, na wekundu wa kichwani huzitenganisha vizuri. Katika ukoo wa *Campethera*, dume kwa kawaida ana sharubu nyekundu, na jike kwa kawaida ana wekundu kisogoni. Katika ukoo wa *Dendropicos*, dume hana sharubu nyekundu na jike hana wekundu wowote kichwani. Wapo wachache wanaovunja kanuni hii, kwa mfano *Campethera cailliautii*, kigogota mdogo wa mgongo wa kijani, ambaye hana sharubu. Hata hivyo kanuni itakuongoza vema mara nyingi.

Hawa ndio utakaokutana nao zaidi, au utakaotamani kukutana nao. Majina ya Kilatini yapo ili uyatafute kitabuni.

- Kigogota kadinali (*Dendropicos fuscescens*). Mdogo, kama sentimita 15. Kifua kina michirizi, sharubu ni nyeusi, paji la uso ni la kahawia. Dume ana utosi mwekundu, jike ana kisogo cheusi. Ameenea karibu kila penye miti, hata kwenye bustani.
- Kigogota ndevu (*Dendropicos namaquus*, vitabu vingine humweka katika *Chloropicus*). Mkubwa, kama sentimita 24. Uso ni mweupe wenye mabaka meusi, na tumbo ni la kijivu lenye milia myembamba. Ngoma yake huanza kwa kasi na kumalizia kwa mapigo ya polepole.
- Kigogota wa Nubia (*Campethera nubica*). Kifua chenye madoa ya mviringo. Hupenda nyika ya migunga. Dume na jike huitikiana kwa sauti kali inayosikika mbali.
- Kigogota wa Bennett (*Campethera bennettii*). Ana madoa kama wa Nubia, lakini jike ana rangi ya kahawia kooni na chini ya jicho. Ni wa miombo, na hushuka sana ardhini kula sisimizi.
- Kigogota mkia-dhahabu (*Campethera abingoni*). Kifua kina michirizi mizito. Hutoa sauti moja ndefu, kama inayopitia puani.
- Kigogota wa Mombasa (*Campethera mombassica*). Hufanana na mkia-dhahabu, ila makao yake ni misitu ya pwani, kuanzia Somalia hadi kaskazini mashariki mwa Tanzania. Msitu wa Arabuko-Sokoke ni mahali pazuri pa kumtafuta.
- Kigogota wa Stierling (*Dendropicos stierlingi*). Haba. Eneo lake ni dogo: miombo ya kusini mwa Tanzania, kaskazini mwa Msumbiji na sehemu ya Malawi.

Ona jinsi mahali panavyofanya kazi katika orodha hii. Wa Nubia na wa Bennett wanaweza kukuchanganya kwenye picha, lakini wa kwanza ni wa nyika za kaskazini na katikati, na wa pili ni wa miombo ya kusini na magharibi. Ukiandika jina la mahali ulipopigia picha, nusu ya mashaka huondoka.

> Kwa ufupi: Shavu hukupa ukoo, utosi hukupa dume au jike, kifua hukupa aina. Mahali huamua pale picha inaposhindwa.

Picha tano za ushahidi

Sasa utaona kwa nini picha moja haitoshi, hata iwe nzuri namna gani. Jizoeze kutafuta hizi tano kila unapokutana na mpanda mti usiyemjua.

1. Picha ya haraka. Piga mara tu umwonapo, hata akiwa mbali. Anaweza kuruka, na hiyo ikawa ndiyo pekee uliyo nayo.
2. Uso kwa ubavu. Mdomo, sharubu na utosi vionekane kwa pamoja.
3. Kifua. Hii ndiyo ngumu, na maelezo yake yako hapa chini.
4. Mgongo hadi mkiani. Hii huwa rahisi, maana ndiyo anayokupa mwenyewe. Hakikisha inaonyesha kama mkia umegusa gome.
5. Mti na mazingira. Rudi nyuma, piga mti mzima. Mgunga, mtundu au mkorosho wa shambani, kila mmoja ni habari.

Kifua kinapatikana kwa subira na kwa kujua saa ya kukitazama. Kigogota anapotaka kugonga kwa nguvu huuvuta mwili nyuma, mbali na shina, na hapo kifua huachana na gome. Ukipiga mfululizo kuanzia anapoinua kichwa, picha moja au mbili zitakuwa na michirizi au madoa unayoyatafuta. Nafasi nyingine huja anapopita upande wa chini wa tawi lililolala, ambapo wewe uliye chini unamwona tumbo.

Usimfuate moja kwa moja. Kigogota akihisi anaandamwa huzunguka shina na kukaa upande wa pili, na kadiri unavyozunguka ndivyo naye anavyozunguka. Simama tuli, mara nyingi hurudi mwenyewe akiendelea kupanda. Mkiwa wawili, mmoja abaki mahali pake na mwingine atembee polepole kwa mbali kuelekea upande wa pili.

Kwa nini picha hutoka nyeusi?

Malalamiko makubwa ya wapigaji picha wapya ni ndege aliyetoka kivuli kitupu mbele ya anga jeupe. Kamera huona anga kali, hudhani kila kitu kina mwanga mwingi, kisha hupunguza mwanga wa picha nzima. Dawa yake ni kitufe cha fidia ya mwanga, kile chenye alama ya kujumlisha na kutoa: ongeza hatua 1, na anga likiwa jeupe sana, ongeza karibu 2. Anga litapauka, ila shavu la ndege litaonekana.

Dawa iliyo bora zaidi haihitaji kitufe. Rudi nyuma. Ndege akiwa mita 6 juu nawe umesimama mita 5 kutoka shinani, unampiga picha kutoka chini kwa mwinamo mkali: unaona mkia zaidi kuliko uso, na nyuma yake ni anga tupu. Ukisogea hadi mita 20, mwinamo hupungua mno, na nyuma ya ndege yanaweza kuingia majani au miti mingine. Atakuwa mdogo kwenye picha, lakini atakuwa na uso.

Mambo mengine ya kuweka sawa ni haya:

- Kasi ya shata, yaani muda ambao mlango wa kamera hubaki wazi. Kwa ndege aliyetulia, 1/500 ya sekunde yatosha. Anaporukaruka tumia 1/1000. Anapogonga anza na 1/2000, la sivyo kichwa kitakuwa ukungu.
- ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Iache ijipange yenyewe, hata ikipanda na kuleta chengachenga. Picha yenye chengachenga hutambulika, iliyotikisika haitambuliki.
- Fokasi, yaani pale lenzi inapoona kwa ukali. Gome lenye nyufa huivuta fokasi kuliko manyoya. Chagua nukta moja ndogo na uiweke kwenye jicho la ndege, na uwashe fokasi inayomfuata ndege anaposogea.
- Lenzi. Kwa ndege wa ukubwa huu, milimita 400 ndipo raha inapoanza. Ukiwa na fupi zaidi, chagua mahali wanapopita na ungoje.
- Simu. Usiidharau. Ukiishikilia kwenye kioo cha darubini, yaweza kukupa picha ya kutambulisha. Tena video ya simu hubeba mwendo na sauti kwa wakati mmoja, vitu viwili ambavyo picha ya kawaida haina.

Wapi na lini

Saa za kwanza baada ya jua kuchomoza ndizo bora. Ndege wana njaa, na mwanga huja kwa ubavu hadi chini ya matawi. Saa mbili za mwisho kabla ya magharibi hufuatia.

Kwa miombo, miezi ya ukame ina faida yake. Kufikia Agosti na Septemba miti mingi imepukutisha majani, na mashina yako wazi. Majani mapya, mengi yakiwa mekundu, huchipuka kabla mvua hazijaanza. Uwe tayari pia kwa ukimya. Unaweza kutembea muda mrefu kwenye miombo usione unyoya, kisha ghafla miti ikajaa: ndege wa aina mbalimbali wakisafiri pamoja na kula njiani. Kundi kama hilo wataalamu huliita kundi mseto. Mtambaa-magome na vigogota wadogo hupenda kufuatana na makundi haya. Likifika, usikimbizane na ndege wa kwanza uliyemwona. Kagua mashina, maana huko ndiko wapandaji walipo, nyuma ya wenye kelele.

Wakazi wa Nairobi wanaotaka kujifunza wakiwa na wenzao wana nafasi ya karibu: matembezi ya kutazama ndege ya Nature Kenya, yanayofanyika Jumatano asubuhi na yaliyoanzishwa mwaka 1971 na Fleur Ng'weno.

Adabu ya shinani

Simu za leo zinaweza kucheza sauti ya kigogota kwa mguso mmoja, naye huja. Huja kwa sababu anadhani mwenzake amevamia eneo lake, na muda anaoutumia kumtafuta mvamizi asiyekuwepo ni muda ambao hali wala halishi makinda. Wakati wa kuzaa, acha kabisa.

Ukigundua tundu lenye makinda, piga picha kutoka mbali, kisha uondoke. Usikate tawi ili kupata nafasi safi. Na ukiwa na shamba, fikiri kabla ya kuangusha mti uliokauka. Kigogota huchimba tundu lake kwenye miti iliyokufa, na akihama, ndege wengine wasioweza kuchimba huingia. Mti mmoja mkavu unaogeuzwa mkaa unaweza kuwa ulikuwa nyumba ya aina kadhaa.

Picha ikishindwa kuamua

Picha zako zina kazi nje ya simu yako. Kenya Bird Map na Tanzania Bird Atlas hukusanya kumbukumbu za ndege walioonekana na mahali walipoonekana, na iNaturalist hupokea picha kutoka kokote duniani ili watu wengine wasaidie kutambua. Kila unapopeleka picha, ambatanisha mambo manne: tarehe, mahali, aina ya mti, na alichokuwa akifanya ndege.

Zitabaki picha ambazo hazitoi jina hata baada ya yote hayo. Usizifute, wala usibahatishe jina ili orodha yako irefuke. Andika ulichokiona: "Kigogota, dume, sharubu nyekundu, kifua hakikuonekana, juu ya mtundu, Septemba." Anayechora ramani ya ndege anaweza kuitumia sentensi hiyo, kwa sababu kila neno ndani yake ni kweli. Jina la kubahatisha humweka ndege mahali ambapo hajawahi kufika, na likishaingia kwenye kumbukumbu huwagharimu wengine kazi kubwa kuliondoa.